Jina la Baadaye

Kijana kaja Keko na kasha la santuri,
na yetu imo, jalada limetafunwa na mende.
Kaibandika kikaratasi cheupe:
Afro-roki, tawi la saikedelia.

"Huu mkoromo wa gitaa," akasema,
"mliwatangulia wenzenu miaka kumi."
Mkoromo! Spika ilichanika
siku ile tuliyoshusha vyombo Ilala mvuani,
Kondo akaiziba kwa gundi na gazeti la juzi.
Kila akigusa uzi mnene, gazeti linakoroma.

Redioni walituita jazi.
Hiyo jazi yenyewe hatukuwahi kuisikia.
Miaka ikapita, wakatutia kwenye zilipendwa,
kana kwamba kuna mtu aliamka asubuhi moja
akatangaza mwisho wa kupenda.
Na sasa hiki, gundi yake bado mbichi.

"Nyinyi wenyewe mliuitaje?"
Nikawaza. Tulikuwa na "ule wa haraka"
na "ule wa Kondo", basi.
Mwenye baa kule Magomeni aliuita kelele,
akatulipa nusu fedha, nusu bia za moto.

Kondo hakuwahi kulisikia hilo neno saikedelia.
Kafa anadaiwa spika ile ile.

Kijana kashika kalamu, anangoja.
Nikamwambia: andika gundi.
Akacheka, akadhani namtania,
akaandika jina langu: Mwishehe.
Ile n kaiacha nje.