Daftari la Anwani

Walio hai nawaandika kwa penseli.
Wanahama sana watu hawa:
kutoka nyumba ya ngazi kwenda isiyo na ngazi,
kutoka hapo kwenda kwa binti,
kutoka kwa binti kwenda kule
penye kamba nyekundu ya kuvutwa kando ya choo.
Waliotangulia nawapitishia wino.
Hao hawahami tena.

Tulikuwa ishirini na saba, Galashiels, mwaka wa sitini na nane,
chuo cha ufumaji, mto ukipita nyuma ya karakana
na rangi ya sufu ya siku hiyo.
Mimi niliagizwa na shirika la pamba la kwetu,
nikafika Oktoba na viatu vya wazi.
Tam Rutherford alinionyesha jiko la gesi
lililokuwa likila shilingi kuliko mimi nilavyo mkate.
Ishbel Laidlaw alinifunga skafu shingoni, mara tatu,
kwa hasira, kama mtu anayefunga mzigo
uliokwisha kumwanguka njiani.
Mtande ndio unaobeba, mwalimu alisema,
mshindio ndio unaosifiwa.
Tukaandika. Hatukuelewa.

Mwaka huu nilianza kupiga simu mwezi wa Januari.
Sunniva: si Jumanne, si Alhamisi,
siku hizo yuko kwenye mashine ya figo.
Dhirendra wa Leicester: popote, mradi choo kiwe karibu.
Walter Pringle anaitaka hoteli ile ile ya zamani.
Nikamwambia hoteli ile sasa ni duka la mazulia.
"Vema," akasema, "tutakaa juu ya mazulia.
Na wewe Minza, usinipitishie wino
kabla sijakuarifu."

Ishbel hupiga kila jioni, baada ya taarifa ya habari.
"Tunakutana lini?"
Jumamosi ya pili ya Juni.
"Alaa! Na Tam atakuja?"

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli.
Nikasikia ukimya wake ukipasuka polepole,
msiba mbichi, wa dakika ile ile,
ilhali sisi tulikwisha mzika Tam na kula sandwichi zake
miaka mitatu nyuma.
Kesho yake akauliza tena.
Tangu hapo nasema: Tam hataweza.
Si uongo. Nimeupima pande zote mbili,
kama kitambaa, na sioni doa.

Tulikuja tisa.
Mvua, bila shaka. Magongo yalirundikwa pamoja na miavuli,
na wakati wa kuondoka Walter alitoka na mwavuli,
akauegemea hadi kituoni.
Hakuna aliyezungumza habari za ufumaji.
Tulizungumza magoti, wajukuu, bei ya kupasha nyumba moto.
Lakini vidole! Vidole havikustaafu.
Kila aliyesalimia aliushika mkono wa koti la mwenzake
akausugua kati ya gumba na shahada,
kidogo tu, kwa wizi,
kisha ndipo akatazama uso.

Ishbel alinitazama uso muda mrefu.
Akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mhudumu wa benki.
Halafu akaishika shali yangu.
Akafumba macho.
"Pamba," akasema. "Mshazari.
Nyuzi mbili mbili, na hapa mfumaji alikuwa na haraka."

Ni mimi niliyeifuma, Ishbel,
mwaka wa pili, usiku wa kuamkia mtihani,
wewe ukinishikia taa.

"Hapa," akasema tena, kidole juu ya kosa lile,
wala hakukitoa
hata supu ilipoletwa.

Leo nimefungua herufi ya M.
Mwezi ujao nahamia Preston, kwa mwanangu,
chumba cha chini, dirisha linatazama gereji.
Nimeifuta Galashiels kwa ufutio.
Miaka ishirini kwenye mstari ule, haikutoka yote;
ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
bado inasomeka.
Nimepuliza vumbi lake mezani.
Nikachonga penseli.