Mpini Mbele

Fort Morgan, Kolorado. Saa kumi na dakika ishirini za jioni,
zamu ya pili. Nje theluji imeegemea uzio.
Kila nikivaa glavu ya chuma nafikiri jambo lile lile:
laiti ningekuwa nayo usiku ule.

Ng'ombe wanakuja wakining'inia, wamekwisha kuchunwa.
Kwetu ningekuambia kwa rangi: huyu mwekundu wa tumbo jeupe
ni wa akina Duba; yule wa kijivu, mwenye sikio lililokatwa,
alivuka mpaka mara tatu bila pasipoti,
mara mbili kwa wizi, mara moja kwa mahari.
Hapa wote ni mafuta na nyama.
Ng'ombe aliyechunwa hana ukoo.
Ningependa kusema hivyo hivyo kuhusu maiti,
lakini sisi tuliwatambua. Tuliwatambua wote,
hata yule aliyebakia kiatu.

Msimamizi wetu Ofelia, mtu wa Gwatemala,
alimleta kando yangu mwezi wa Februari.
"Huyu ni wa kwenu," akasema, uso umemchanua
kama aliyeleta posa.
Kifuani kitambulisho: ALINOOR.

Wa kwetu. Naam.
Mji wetu una barabara moja ya lami na bendera mbili,
na kila bendera ina jina lake la kisima kile kile.
Mwaka tulipopiga kura kuamua kisima ni cha nani
madumu yalipanga foleni hadi magharibi,
kisha watu wakaanza kuulizana jina la babu.
Si jina lako. La babu.
Babu yangu alikuwa na miaka thelathini kaburini
na bado aliweza kuniua.

Kaka yangu Jarso alijibu haraka mno.
Hata shuleni alikuwa hodari wa kujibu.

Mimi na Alinoor tumenyonya lugha moja.
Matusi yetu ni yale yale,
na wimbo wa kumtuliza ndama asiyetaka kuachishwa.
Kwa hiyo tunasemezana Kiswahili,
lugha ya karani wa chifu na mwalimu wa hesabu.
Swali la babu liliulizwa kwa lugha ya mama.

"Sogeza."
"Shika."
"Bado dakika kumi."
Majuma matano, na hayo ndiyo mazungumzo.

Sijui alikuwa wapi usiku ule.
Shingoni ana kovu refu, jembamba, sijauliza.
Naye hajui ndugu zangu walikuwa wapi usiku uliofuata.
Mimi najua.

Jana kisu changu kilikuwa butu. Nilikuwa nararua, sikati,
mkono umevimba hadi kiwiko, mnyororo hausubiri mtu.
Alinoor akanyosha mkono bila kunitazama.
Nilimpa.
Hebu fikiria: nilimpa.
Akakinoa kwenye fimbo ya chuma, huku na huku,
akakijaribu kwenye ukucha,
akakirudisha
mpini mbele,
makali kayashika yeye.
Alikuwa na glavu, ndiyo. Sisemi ni malaika.
Lakini nilisimama pale na mpini mkononi
mpaka paja zima likanipita
na Ofelia akapiga kelele.

Mama alipiga simu nikitoka zamu,
kwangu usiku wa manane, kwake karibu adhuhuri.
Akauliza kama nala. Kama baridi inaingia mifupani.
Kama huko kazini niko na watu gani.
Nikasema: watu.
Akanyamaza. Kwetu hilo si jibu.

Na katika ule ukimya, nyuma yake, uani,
ililia kengele ya mti, ya ngamia,
ikakaribia, ikasimama, ikalia tena.

Sisi hatujawahi kufuga ngamia.