Maharage Kumi

Jumatatu ile, kabla ya kiharusi,
Nodar aliapa kuwa mtu mpya.
Alitupa sigara mtoni,
akanunua raba nyeupe za kukimbilia,
akabandika kwenye friji orodha ya mambo kumi na mawili:
la kwanza, kuamka saa kumi na moja alfajiri;
la mwisho, kusamehe watu wote.
Alhamisi nilimkuta kibandani kwa Vazha
akiomba kiberiti.
Raba zikabaki mlangoni,
kama bata wawili waliokosa bwawa.

Simcheki. Karatasi ile niliishikilia mimi
alipokuwa anakata gundi.

Chovya chovya humaliza buyu la asali.
Afya yake iliisha hivyohivyo:
moja baada ya chai,
moja kabla ya kushuka mgodini,
moja kwa kuwa mvua inanyesha,
moja kwa kuwa imekatika.
Hakuna hata moja iliyobisha hodi ikasema: Ni mimi.

Mwezi wa Tatu mkono wa kulia ukalala,
wa kushoto ukaamka peke yake.

Mtaalamu wa viungo alipanda kutoka bondeni
kwa kigari cha waya, akishikilia kofia.
Tekle, binti mwembamba, umri wa mjukuu wetu.
Akaagiza mabakuli mawili na maharage.
Nikaleta kilo nzima. Akahesabu kumi.
“Kutoka hili hadi lile, kwa mkono mgonjwa,
kila siku kabla ya chai.”
“Kumi tu?” akauliza mume wangu,
aliyepasua mlima kwa baruti miaka thelathini.
“Kumi tu. Ukigusa la kumi na moja
nitalichukua niende nalo.”

Siku ya kwanza: mawili, na tusi.
Ya pili: mawili, na matusi matatu.
Siku ya tisa haragwe lilidondoka, likabingirika chini ya jiko,
akataka nimwokotee.
Nikasema mgongo unaniuma.
(Haukuwa unaniuma.)
Alipiga magoti kwa robo saa,
akainuka na vumbi kwenye nyusi na haragwe kiganjani,
akilitazama kama dhahabu
ambayo mgodi wetu haukuwahi kutoa.

Nami, kwa kuwa nimekatazwa kumsaidia,
nikajikuta sina kazi ya mikono.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa
sijawahi kukosa kazi ya mikono.
Nikafungua dirisha, nikasimama hapo.
Ng'ambo, Lamara anaanika shuka.
Kigari cha waya kinavuka ukungu bila haraka.
Nyuma yangu: tik. Kimya kirefu. Tik.
Dakika saba, labda nane.
Sikumwambia mtu kwamba ni zangu.

Mwezi wa Sita tulimzika kaka yake, Jemali,
tukalala ugenini siku tatu:
divai, vilio, wala bakuli hakuna.
Njiani kurudi nilikuwa nimeshakata tamaa kwa niaba yake,
naiona Alhamisi ile ikija tena na kiberiti chake.
Lakini aliingia, akakaa mezani na koti bado mwilini,
akavuta bakuli.
Moja.
Hakulipa deni la siku zilizopita.
Hakumwomba radhi mtu.
Mbili.

Sasa ni majira ya kupukutika majani.
Jumamosi tunapika maharage mengine, kwa jozi na kotimiri;
yale kumi hayapikwi, yamekuwa laini na meusi kwa kushikwashikwa,
na mimi huyafuta vumbi kama vyombo vya wageni.
Orodha ya friji imechanika pembe moja.
Kati ya yale kumi na mawili hajatimiza hata moja.
Watu wote hajawasamehe;
Vazha, pengine, nusu.

Leo amefunga shati lake mwenyewe.
Kifungo cha tatu kimeingia tundu la nne,
upande mmoja umepanda kama kigari cha waya,
na hivyo ndivyo alivyotoka kwenda kununua mkate.

Nilimwona.
Mikono yangu ikataka kwenda.
Nikaishika kwenye kizingiti cha dirisha,
nikamwacha apite.