Namba Isiyo na Herufi Mwishoni

Kwanza ni sauti. Kabla ya rangi, kabla ya namba,
Ochwo huinua kidole, mpira wa dizeli mkononi:
"Inatoka njia ya Malaba. Gia ya pili. Kabureta."
Mimi husema, "Hujaiona, hujaihesabu."
Sheria ni zetu, ziko nyuma ya kitabu cha risiti:
anayeiona kwanza hula, anayechelewa hulipa,
roleksi ya mayai mawili, pilipili kando.
Na namba iwe ya zamani,
herufi tatu, tarakimu tatu, basi,
bila ile herufi ya mwisho inayoning'inia kama mkia wa mjusi.

Leo ni Pijo 504, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
UWK 318.
Taa zimekatwa pembeni kama macho ya mtu
aliyeamshwa kwa habari njema.
Buti linavunjika kiuno, kisha linateremka polepole.
Nani huyo aliyekaa na penseli akasema:
hapa, mgongoni, bati lipindwe kidogo,
pasipo sababu?

Nyuma yake Harrier nyeupe inapiga honi.
Tazama uso: taa nyembamba, mdomo mpana wa plastiki,
kama mtu aliyenyimwa chenji.
Ya siku hizi yote yamenuna.
Ziba nembo kwa kiganja, utayaita jina moja.

Lakini sikudanganyi, mimi nauza mafuta.
Harrier itakunywa lita tano, itafika Mbale
dereva hajakunja hata mkono wa shati.
Pijo itataka saba na kopo la maji;
Molo itasimama ipumue,
Nabumali itafunguliwa boneti mbele za watu.
Nyafwono, mwenyewe, mshonaji wa sare za shule,
anaipigapiga ubavuni: "Leo imekohoa mara mbili tu."
Anafungua. Unaiona injini yote,
na katikati ya injini unaona lami.
Ya Harrier ina kifuniko cheusi,
sufuria ya nyumba isiyokaribisha wageni.

Ochwo kashinda. Naandika: ya arobaini na moja.
Juu yake kuna Vokswageni mgongo wa kobe,
Benzi tatu za dizeli, moja ilikuwa teksi,
Land Rover ya misheni, mlango umefungwa kwa katani.

Datsun hamna.
Zinapita, mbili kwa mwezi, pengine tatu,
120Y, kipua kirefu, nikeli mdomoni.
Nzuri, ndiyo.
Ya baba mdogo ilikuwa kijani.
Mteremko, mvua, breki zimelowa,
usukani wa chuma kitupu, mkanda hakuna.
Watu walizunguka wakigonga bati kwa vidole:
"Ona chuma cha zamani! Halikukunjika!"
Kweli, gari halikukunjika.
Kilichokunjika kilikuwa ndani.

Baadaye fundi mmoja wa bima alinieleza,
akichora kwa kalamu kwenye kiganja chake:
haya mapya hujikunja yenyewe, kwa makusudi.
Uso ule ulionuna
umeundwa ufe kwanza.
Tangu hapo nikiipangusa kioo Harrier
huwa siitukani kwa sauti.

Saa kumi na moja, vumbi la saruji limetua kwenye mapaa,
inakuja sauti kutoka upande wa Mbale,
nyembamba, ya juu, kama cherehani.
Ochwo ameisikia. Yeye husikia kwanza daima.
Kidole kinaanza kupanda,
kinashuka, kinatafuta kitambaa,
anaanza kufuta pampu iliyo safi.
Inapita. Ya buluu. Namba nimeisoma yote
na sitakuambia.

"Roleksi nitalipa mimi," anasema, bado anafuta.
"Si ulishinda?"
"Nilishinda." Anakunja kitambaa mara nne.
"Wewe utataka pilipili?"