Stima ya Alhamisi

Alhamisi, saa tatu usiku, Langoni hupooza.
Kila nyumba inamtazama Lali Shekue
akimfukuza mjane, godoro hadi kinu,
hati ya nyumba ameifutika kikoini.

Ijumaa ni yeye huyo anachagua bamia.
Muuza samli anajifanya hamwoni.
Bibi yangu, Mwanashee, akamchapa kwa pepeo mara tatu:
"Mrudishie mwenzio nyumba yake, we mwanahizaya!"
Hakusema naigiza tu.
Alisema, "Nimekosa, bibi. Naona haya,"
akambebea unga hadi kwetu juu,
ngazi kumi na tisa zisizo taa.

Lakini mchezo ulikwisha rekodiwa tangu Rajabu.
Wiki ijayo mjane anafia mvuani.
Lali alijua.

Alhamisi ikaja. Muziki wa mwanzo unalia,
bibi kakaa, tasbihi mkononi, macho kwenye runinga,
pap! Giza.
"Ah, stima hii!"
Mimi nilikuwa darini naanua kanga.
Nikaona taa za majirani zote zinawaka,
na chini, kwenye mita yetu,
lile jambazi la mji mzima
limeshika swichi kwa vidole viwili,
midomo inahesabu dakika.

Zilipotimia ishirini na tano akaiwasha,
akajipangusa vumbi, akenda zake
bila kukohoa.

Hadi leo bibi huniuliza
kama yule mama alipata nyumba.
Alipata, namwambia.
Ina baraza pana,
na mkomamanga uani.