Kwenda na Kurudi

Miaka ishirini na minane nilikata tikiti stesheni ya Tororo,
dirisha dogo, waya, kibao kilicholika kwa sarafu.
Sikumwuliza abiria hata mmoja atarudi lini.
Bibi arusi alisafiri na godoro lake,
maiti alisafiri, mwizi pia, nadhani,
nami nilibana koleo: tak.
Basi. Nenda.

Leo mimi ndiye niliye nje ya kioo.

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Kijana wa kompyuta pale sokoni ananijazia,
shilingi elfu mbili kwa ukurasa,
na kila swali hulisoma kwa sauti, foleni nzima isikie:
Mzee, una akiba gani benki?
Mzee, umewahi kufukuzwa nchi yoyote?
Mzee, ni nini kitakachokurudisha Uganda?

Nikataja kiwanja, hati ipo.
Pensheni, ijapokuwa huja ikichechemea.
Mbuzi sita. Akaandika: mifugo.
Ufunguo wa kasha la kanisa, ninao mimi, hapa shingoni.
Nikamtaja Adikini, mke wangu.
"Yuko hai?"
Nikasema yuko nyuma ya nyumba,
chini ya saruji niliyoichanganya kwa mikono hii.
Kijana akaacha kuchapa.

Jioni Nyafwono akapiga simu kutoka Winipegi:
Baba, lile la Mama usilitilie mkazo.
Wanasema mgane hana kinachomfunga.

Hana kinachomfunga!
Angekuwa hai ningemkatia tikiti twende wote,
tugombanie blanketi moja ndani ya ndege.
Huyu aliyelala ndiye asiyebebeka.

Kisha ikaja barua ya mwaliko,
na sahihi yenye mkia mrefu, ileile
aliyojifunzia nyuma ya daftari zangu za stesheni:
*Mimi, Nyafwono, namwalika baba yangu mzazi.
Nitamlisha. Nitamlaza. Nitamlipia daktari.
Nathibitisha kwamba ataondoka.*

Nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi.

Na kwetu, toka zamani, baba halali nyumbani kwa bintiye;
mkwe na mkwe wasije wakapishana na taulo mlango wa bafu.
Kwa hiyo mila ilishaninyima viza
hata ubalozi haujafungua macho.
Lakini kule kuna mtoto wa miaka minne,
amepewa jina langu, Ochwo,
na bado linamshinda kulitamka.

Kampala, chumba chenye baridi ya mashine,
wakataka alama za vidole.
Kidole gumba: hakuna.
Cha shahada: hakuna.
Binti wa kaunta akafuta, akapaka mafuta,
akabonyeza kama anayekamua limau.
"Mzee, vidole vyako vimekwisha."
Vimeishia kwenye tikiti za watu, nikamwambia.
Akacheka. Sijui ni kicheko au ni mafuta,
mashine ikakubali.

Siku tisini.
Imebandikwa ndani ya pasi, na picha yangu nimekunja uso.
Nyafwono amelipa nauli zote mbili kwa pamoja,
kurudi ni siku ya themanini na tisa.
"Baba, tusicheze na tarehe,"
sauti ikamkwama, akasingizia mtandao.
Mwanangu amelipia siku ya kuagana
kabla ya siku ya kuonana.

Usiku nimelitoa koleo kwenye droo.
Lina kutu, bado linauma.
Karatasi ya ndege nimeitandaza mezani,
kiwanda cha saruji kikinguruma upande wa mwamba,
nikatafuta neno *kwenda*.
Tak.
Kipande kikadondoka sakafuni, kidogo kama punje ya mtama.

*Kurudi* sijaigusa.
Asubuhi, kabla ya kuwafungulia mbuzi,
nitapita nyuma ya nyumba
nimsomee Adikini tarehe.