Bamia Zenye Udhu

Nyuma ya nyumba ya mawe, kiwanda
upana wa mikeka minne,
na kisima ambacho maji yake
hata chai huyakataa.
"Udongo wa chumvi huo," alisema shemeji Athmani,
"hapo utavuna kikohozi."
Nikamwambia: ngoja.

Kwanza nilimwendea Lali wa punda.
Alidhani nimekuja kudai pesa za mchanga,
akaanza kuapa kabla sijamsalimu.
Nilipomwambia nataka mavi
alicheka hadi akakaa kwenye baraza ya watu.
Magunia matatu akanipa bure,
na la nne akanilipa yeye
nimwondolee.

Mkomani nzima ikajua.
Watoto walipita wameziba pua.
Bi Mwanatumu akafunga dirisha kwa kishindo
cha mtu anayetaka kishindo kisikike.
Mimi nikageuza, nikafunika kwa makuti,
kazi iliyobaki nikaliachia jua na minyoo.

Maji ndiyo yaliyonitia adabu.
Ya bomba huja yapendapo,
ya kisima huunguza ncha za majani.
Nilikaa na ndoo tupu mapajani, nikiwaza,
mpaka alfajiri moja nikasikia
maji matamu ya tangi yakimtiririka mume wangu
uso, mikono, miguu,
kisha yakipotelea ukutani bila kumfaa mtu.
Kabla hajarudi msikitini
nilikwishachimba mfereji kwa mwiko wa wali.
Tangu siku hiyo bamia zangu
hutawadha mara tano kwa siku,
na Ramadhani ndiyo hunawiri.

Nimejifunza mambo madogo.
Kunde haiulizi njia, yapanda.
Biringani huficha tunda chini ya jani
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Mchicha ukiukata hukasirika
ukazaa mara mbili.
Na mnyanya, ukiugusa tu,
hukuachia viganjani harufu ya kijani
ambayo sabuni haiiwezi,
nami sitaki iiweze.

Nyanya ya kwanza ilikuwa moja.
Ndogo, ina kovu ubavuni.
Nilimwita Athmani. Nilimwita makusudi.
Nikaikata vipande vinne kisahanini,
chumvi kidogo, ndimu,
naye akala huku akitazama ukuta.
"Ya sokoni hii," akasema.
Nikamwonyesha kikonyo, bado kibichi,
na mahali kilipokatika.
Akaomba kipande cha pili.

Halafu bamia zikaja kwa fujo.
Bamia haina subira:
leo kidole cha mtoto,
kesho kidole cha bwana harusi,
keshokutwa, ukuni.
Nikawa nachuma asubuhi, nachuma baada ya alasiri,
leso imejaa, mikono yaniwasha hadi viwiko,
nami najikuna nikicheka peke yangu
kama mtu aliyerogwa.
Tulikula bamia kwa nazi, bamia kwa papa mkavu,
bamia na mkate wa mofa,
bamia siku ya Ijumaa, Mungu anisamehe.
Mume wangu akaanza kupata shughuli za jioni.

Ndipo nikajaza sahani, nikaifunika kawa,
nikavuka kichochoro hatua sita
kwa Bi Mwanatumu, yule wa dirisha.
Alipokea kwa mkono mmoja. Hakusema neno.
Siku mbili sahani yangu ikalala kwake,
nikaihesabu imepotea.

Siku ya tatu mjukuu wake akaja nayo.
Ndani, mbegu za pilipili
zimefungwa kwenye pindo la kitambaa,
fundo limekazwa kwa meno.
Mtoto akasimama mlangoni akijipinda,
kidole cha mguu chachora sakafu:
"Nyanya asema ahsante.
Tena auliza, lile gunia la nne
bado lipo?"